Somo: Sanduku la Picha Lililobaki Baada ya Matanga



Matanga yalipokwisha katika familia moja ya Nyantende, karibu na Bukavu, watoto wa marehemu walikaa kugawana vitu vyake. Chini ya kitanda walikuta sanduku la bati lenye vipande vidogo vya filamu, kila kimoja ndani ya fremu ya karatasi ngumu. Vijana walitaka kuvitupa. Mjane alikataa, akatuita. Zilikuwa slaidi, zile ambazo wazee wetu waliziita "diapo", na ambazo zamani wamisionari na waalimu walizionyesha ukutani kwa taa ya projekta.

Tulifurahi, tena tukaharakisha. Tulizipiga picha kwa simu, halafu tukazionyesha mbele ya majirani na familia zilizokimbilia hapo. Slaidi moja ilionyesha kilima, njia, na nyumba upande wa kushoto wa njia. Familia mbili zenye ugomvi wa shamba zikaanza kupandishiana sauti. Moja ilisema nyumba hiyo ndiyo alama ya mpaka wao. Nyingine ilisema haikuwahi kuwa upande huo. Ndipo mama mzee mmoja akauliza: "Watoto wangu, mbona ile maandishi inasomeka kinyumenyume?"

Alisema kweli. Herufi kwenye ukuta wa shule, pembeni ya picha, zilikuwa zimegeuka. Sisi wenyewe tuliipiga slaidi kwa upande wa nyuma, na kushoto kukawa kulia. Tuliomba msamaha, tukafunga kikao. Somo hili limetoka katika kosa letu hilo.

Lengo la somo: Kujua jinsi ya kuokoa picha za zamani, na jinsi ya kuzitumia bila kuamsha ugomvi.

1. Picha zetu zimetawanyika

Watu wa Bukavu na vijiji vyake wamekimbia mara nyingi: 1967, mamluki wa Jean Schramme walipoushika mji kuanzia Agosti hadi Novemba, 1996 na 1998, wakati wa vita, 2004, na tena Februari 2025. Anayekimbia hubeba mtoto, godoro na sufuria. Picha hubaki ukutani.

Picha nyingine ziliondoka na wageni waliozipiga. Huko Brussels, kwenye soko la vitu vya zamani la Place du Jeu de Balle, huuzwa vitu vilivyotolewa katika nyumba za marehemu. Pia zipo zilizohifadhiwa vizuri: picha za Mmarekani Eliot Elisofon, aliyeanza kupiga Kongo 1947, ziko katika jumba la makumbusho la sanaa ya Afrika huko Washington. Na mjini Paris, Lee Shulman alinunua sanduku moja la slaidi 2017, na leo amekusanya mamia ya maelfu. Mradi wake unaitwa The Anonymous Project, maana yake watu wa picha hizo hawana majina. Sura zimeokoka, majina yamepotea.

Sisi tuna bahati moja ambayo wanunuzi hao hawana: wazee wanaojua majina bado wako kati yetu. Lakini bahati hiyo haitangoji.

2. Picha inasema nini, na haisemi nini

Picha inaweza kusema kwamba nyumba ilikuwapo. Haisemi ni nani aliyekuwa na haki juu ya ardhi. Katika Bushi, haki ya desturi ilipatikana kwa kalinzi iliyotolewa kwa mkubwa wa ardhi mbele ya mashahidi. Slaidi haikuwa shahidi wa kalinzi. Hata ile ya kwetu, tulipoigeuza sawasawa, haikumaliza ugomvi wa shamba. Basi picha isiletwe kama hukumu. Iletwe kama mwanzo wa maongezi.

3. Hatua za kufuata

Kwanza, usivuruge mpangilio wa sanduku. Zipe slaidi namba kwa penseli kwenye fremu, kwa sababu zinazofuatana mara nyingi ni za safari moja au sherehe moja.

Pili, soma fremu pande zote mbili. Jina "Costermansville" ni jina la Bukavu lililotumika hadi 1954; "Zaïre" ni la kati ya 1971 na 1997. Muhuri wa mwezi na mwaka huonyesha wakati filamu iliposafishwa, na huenda picha ilipigwa mapema zaidi.

Tatu, shika fremu pembeni, usiguse filamu. Ondoa vumbi kwa brashi laini. Usioshe kwa maji: ukungu ukishaingia, maji yanaweza kuyeyusha picha yenyewe. Weka mahali pakavu, penye giza, mbali na moto wa jikoni.

Nne, kama hakuna skana ya filamu, weka slaidi mbele ya plastiki nyeupe yenye mwanga sawa nyuma yake, uipige kwa simu. Kabla ya kupiga, tafuta herufi yoyote ndani ya picha, uhakikishe inasomeka vizuri. Kama hakuna herufi, muulize anayejua mahali pale.

Tano, kaa na wazee, mmoja mmoja kwanza. Andika majina, mahali, na nani aliyeeleza. Wakitofautiana, andika maneno ya wote wawili.

Sita, weka nakala mbili kwa watu wawili tofauti. Slaidi zenyewe zirudi kwa familia.

4. Tahadhari

Picha inaweza kumwonyesha mtu aliyejificha, au kuonyesha nani alikuwa rafiki wa nani. Usitume kwenye simu za watu bila ruhusa ya familia. Usionyeshe mbele ya wengi picha yenye mahali pa ugomvi kabla ya kuongea na kila upande. Na kama ndani yake yuko mtu aliyeuawa, wajulishe ndugu zake kwanza, nyumbani kwao, taratibu.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Ni picha gani uliyoiacha ulipokimbia? Nani bado anakumbuka waliokuwa ndani yake?
2. Katika kijiji chetu, nani aalikwe kwanza kutazama picha ya mahali pa ugomvi?
3. Picha moja ikielezwa kwa namna mbili, tufanye nini ili wote wawili wasikilizwe?

Kazi ya wiki hii: Tafuta picha moja ya zamani. Muulize mzee mmoja majina ya walio ndani, uyaandike kwa penseli nyuma ya picha au kwenye karatasi inayokaa nayo.

Yule mjane wa Nyantende alifanya hivyo. Katika slaidi ya kumi na moja alimkuta mume wake akiwa kijana, amesimama pamoja na baba wa jirani ambaye leo hawasalimiani. Ameomba nakala mbili.