Kanisa la Pienza na Msingi Wake

Katika nchi ya Italia, juu ya kilima cha Toscana, uko mji mdogo uitwao Pienza. Hapo zamani ulikuwa kijiji, na jina lake Corsignano. Mwaka 1405 alizaliwa hapo mtoto ambaye mwaka 1458 alichaguliwa kuwa Papa Pio wa Pili. Akitaka kukipa heshima kijiji chake, alimwagiza fundi mkuu Bernardo Rossellino ajenge kanisa kubwa, nalo likatabarukiwa mwaka 1462.

Mgeni aingiapo hustaajabia mwanga mwingi upitao katika madirisha marefu. Mwaka ule ule wa 1462 Papa alipiga marufuku mtu yeyote asizichafue wala kuzipaka picha kuta na nguzo zile nyeupe.

Lakini mgeni na aitazame sakafu pia. Kwa kuwa nafasi kilimani ilikuwa haba, upande wa madhabahu ulijengwa penye mteremko usio imara. Ufa ulionekana Papa mwenyewe angali hai, na hata leo sakafu ya upande huo imeinama. Amri ya Papa ilitosha kulinda weupe wa kuta, bali haikuweza kuituliza ardhi. Basi ajengaye na aupime udongo kwanza.