Mnato wa Damu na Shinikizo Lake kwa Wanaume na Wanawake

Mwalimu wa fizikia anapofundisha mnato, aghalabu hulinganisha maji na asali. Ni nadra kuitaja damu, ingawa kila mwanafunzi anayo. Mnato wa damu ni mara tatu hadi tano ya ule wa maji, ilhali plazma peke yake, yaani majimaji ya damu, haifikii hata mara mbili. Tofauti hiyo huletwa na chembe nyekundu.

Sehemu ya damu inayochukuliwa na chembe hizo huitwa hematokriti. Kwa mwanamume mzima mwenye afya huwa asilimia 40 hadi 50 hivi. Kwa mwanamke, 36 hadi 46. Kwa hiyo damu ya mwanamume, kwa wastani, ni nzito zaidi. Tofauti hii hujitokeza wakati wa balehe, ambapo homoni ya testosteroni huuchochea uboho wa mifupa kuunda chembe nyingi zaidi. Mwanamke naye hupoteza damu katika hedhi, na mahali pa chembe zilizopotea hushikwa na chembe changa, ambazo hupinda kwa urahisi zinapopenya mishipa myembamba.

Je, hiyo ndiyo sababu wanaume wengi hupatwa na shinikizo kubwa la damu mapema kuliko wanawake? Tusiharakishe kujibu. Katika miaka ya 1840 daktari Mfaransa Jean Poiseuille alieleza kanuni ya mtiririko katika mirija myembamba: ukinzani huongezeka sawia na mnato, lakini hupungua kwa kipeo cha nne cha nusu-kipenyo. Mnato ukizidi kwa asilimia 10, ukinzani huzidi kwa asilimia 10. Nusu-kipenyo kikipungua kwa asilimia 16 tu, ukinzani huwa maradufu. (Mwanafunzi na akokotoe 0.84 kwa kipeo cha nne.) Upana wa mishipa midogo, basi, una nguvu kuliko mnato. Isitoshe, shinikizo kubwa lenyewe laweza kusukuma plazma nje ya mishipa, na damu inayobaki ikawa nzito. Hapo mnato ni matokeo wala si chanzo.

Wanaodhani kuwa maradhi haya ni ya wanaume hukosea. Baada ya hedhi kukoma, homoni ya estrojeni, ambayo husaidia mishipa kutanuka, hupungua sana. Shinikizo la mwanamke hupanda, na uzeeni wanawake wenye maradhi haya huwapita wanaume.

Ujauzito unastahili kutazamwa peke yake. Plazma ya mama huongezeka kuliko chembe nyekundu, damu ikawa nyepesi, mishipa ikatanuka, na kwa kawaida shinikizo hushuka kidogo katikati ya mimba. Lakini kwa baadhi ya wanawake, baada ya wiki ya 20, mambo huenda kinyume: mishipa hubana, plazma hupungua, na shinikizo hufika 140 kwa 90 au zaidi. Hiyo yaweza kuwa dalili ya kukaribia kifafa cha mimba, kinachoweza kumuua mama na mtoto. Mama huyo akipimwa wingi wa damu peke yake, huenda akaambiwa kuwa damu yake ni nzuri na ya kutosha, kumbe imekolea kwa sababu plazma imepungua. Ndiyo maana kliniki humfunga mkononi kipimo cha shinikizo kila anapohudhuria, hata kama hajisikii mgonjwa.