Baba anataka daktari, wewe umechagua kilimo

Umefaulu PCB (fizikia, kemia na biolojia) vizuri, na nyumbani wameshaanza kukuita "dokta". Moyo wako, lakini, uko Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro. Fanya hivi.

1. Sikiliza hofu yao kwanza. "Nimeuza ng'ombe nikutoe shambani, leo unarudi shambani?" Anayesema hivyo amelima kwa jembe la mkono, ameona mahindi yakikauka, na yaliyosalia akayauza kwa bei ya mlanguzi. Kilimo anachokijua ni hicho. Usimwambie amepitwa na wakati. Mshukuru, kisha muulize taratibu: "Baba, unachohofia hasa ni nini?" Mara nyingi utakuta ni ajira, au nani atawasomesha wadogo zako. Hayo yanazungumzika.

2. Nenda na majibu. Mweleze kinachofundishwa: udongo, mbegu, wadudu, umwagiliaji, masoko. Mtajie wahitimu wanakofanya kazi: maofisa ugani wa halmashauri, watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Kilimo (TARI) kama wale wa korosho kule Naliendele, Mtwara, wakaguzi wa mbegu wa TOSCI, kampuni za pembejeo. Usimfiche kwamba ajira za serikali ni chache na wengi huzisubiri. Akisikia umelipima hilo mwenyewe, ataona umekua.

3. Piga naye hesabu ya miaka. Udaktari wa binadamu ni miaka 5, halafu mwaka 1 wa utarajali. Shahada ya kilimo ni miaka 3.

4. Mtafute mtu wa kukusemea. Kuna neno baba hawezi kulipokea kwa mwanawe, ila dada yake akilisema hulitafakari. Basi anza na shangazi. Bora zaidi, mwombe bibi shamba au bwana shamba wa kata yenu aje kuamkia wazee.

5. Usithibitishe chuo kwa siri. Ukichaguliwa vyuo zaidi ya kimoja, Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) hukutaka uthibitishe kimoja, na fomu ya Bodi ya Mikopo inahitaji mdhamini, ambaye kwa wengi ni mzazi. Siri itafichuka hapo hapo, na kuaminiwa tena ni kazi.

6. Usiingie udaktari ili kumridhisha mtu. Mgonjwa anastahili daktari aliyeitaka kazi hiyo kwa moyo wake.

7. Wakinuna, wewe usinune. Piga simu, wajulie hali, waonyeshe matokeo ya muhula wa kwanza hata kama hawajauliza. Likizo ikifika, shika jembe pamoja nao, uwaulize shamba lao linasumbuliwa na nini, kisha rudi na swali hilo kwa wahadhiri wako.

Nanyi wazazi, tunawaomba: mwacheni mtoto amalize kueleza kabla hamjasema hapana.