Roboti Isimnyang'anye Mtoto Mchezo

Kijitabu hiki ni cha fundi anayetengeneza au kurekebisha vichezeo vya umeme, mwalimu wa kitengo cha elimu maalumu, na mzazi ambaye mtoto wake hukaa kando wenzake wanapocheza. Mwaka 2021 UNICEF ilikadiria kuwa watoto wenye ulemavu duniani wanakaribia milioni 240. Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Kenya iliuridhia 2008 na Tanzania 2009, unautaja mchezo waziwazi katika kifungu cha 30: mtoto mwenye ulemavu ashiriki kucheza sawa na watoto wengine.

Wabunifu wengi huharibu kazi kwa kutengeneza roboti hodari kupita kiasi. Inaimba, inazunguka, inamwaga taa za rangi, na mtoto amekodoa macho. Hapo roboti ndiyo inayocheza, mtoto ni mtazamaji. Wengine hukosea kwa kugeuza kila kichezeo kuwa tiba: bonyeza mara kumi, nyoosha kiwiko, sema "a". Mazoezi yana saa yake na mtaalamu wake. Mtoto akicheza, mruhusu acheze kwa sababu anataka, na aache akichoka.

Nani anaangusha mnara?

Katika Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, Albert Cook na wenzake walitumia roboti ndogo, nyingine za vipande vya Lego, pamoja na watoto wasioweza kushika vitu. Mchezo mmoja ni rahisi: vitofali vimepangwa, mtoto anabonyeza swichi, roboti inasogea na kuviangusha. Akishaelewa kwamba yeye ndiye aliyeangusha, anafundishwa kuachia swichi ili roboti isimame. Baadaye anapewa swichi mbili, achague kushoto au kulia. Watu wazima walianza kuona uwezo ambao vipimo vya kawaida, vinavyodai mtoto aseme au ashike, haviwezi kuuonyesha.

Kwa hiyo kabla hujanunua mota, andika mambo mawili kwenye karatasi: katika mchezo huu mtoto anaamua nini, na roboti inamfanyia lipi asiloliweza. La pili likizidi la kwanza, rudi mezani.

Anza na swichi moja

Huhitaji maabara. Kigari cha betri kutoka soko la Kariakoo au la Gikomba kinatosha, na kazi hii fundi redio yeyote anaiweza. Chukua vipande viwili vidogo vya shaba nyembamba, weka katikati yake plastiki isiyopitisha umeme, lehemu waya mmoja kila upande. Nyaya hizo ziishie kwenye soketi ya milimita 3.5, ile inayopokea pini ya spika za masikioni. Chomeka kipande hicho kati ya ncha ya betri na chuma kinachoigusa, kisha washa kigari na ukiache hivyo hivyo. Umeme hautapita mpaka mtoto abonyeze swichi ya nje iliyochomekwa kwenye soketi. Ukitaka kigari kirudi kama kilivyokuwa, chomoa tu.

Njia hii inafaa kichezeo kinachotembea mara tu kinapowashwa. Kile kinachosubiri ubonyeze kitufe kingine hakitaitika. Itabidi ukifungue, uunganishe nyaya sambamba na kitufe chenyewe. Usijaribu kamwe kwenye kifaa kinachochomekwa kwenye umeme wa ukutani.

Swichi yenyewe iwe pana kama kisosi, ikazwe kwenye ubao isiteleze, na iwe na ngozi ya plastiki inayofutika, maana udenda ukipenya ndani itakufa mapema. Iweke pale ambapo mtoto ana amri: goti, unyayo, hata upande wa kichwa. Ambaye misuli yake inakakamaa huenda asiweze kushikilia swichi. Mwekee saketi ya muda ili mguso mmoja uendeshe kigari kwa sekunde kadhaa. Kisha subiri. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo huenda akachelewa kuufikisha mkono, na mkono wa mtu mzima unaojipenyeza "kumsaidia" unamwibia zamu yake.

Uso usiosema mengi

Kwa watoto wenye usonji tatizo ni jingine: uso wa mtu una mengi ya kusoma kwa mara moja. Kaspar, roboti ya Chuo Kikuu cha Hertfordshire cha Uingereza iliyoanza mwaka 2005, ina ukubwa wa mtoto mdogo na uso uliopunguzwa makusudi: hisia chache zinazosomeka upesi. Ukiitekenya inacheka, ukiibana sana inalalamika, leo kama jana. Keepon, ya Hideki Kozima wa Japani, ina mienendo minne tu na mwili wa njano usio na mikono wala miguu. Uchache huo ni sifa. Kwenye roboti yako weka pia kirekebisha sauti, na mtu mzima akae karibu, kwa sababu tunachokitafuta ni mtoto ageuke kumwonyesha mtu mwingine kilichotokea.

Michezo ya uani kwetu

Tungependa mafundi wetu waanzie hapa badala ya kuiga katalogi. Chukua rede, mchezo wa kumlenga kwa mpira mchezaji aliye katikati. Mtoto aliye kwenye kiti cha magurudumu anaweza kuwa mrushaji, akiwa na mashine inayotupa mpira anapogusa swichi. Lakini mashine iitike papo hapo: ikichelewa hata sekunde moja, wa katikati ameshahama, na mrushaji atakuwa anabahatisha tu. Mpira uwe laini, wa soksi na matambara. Waulize watoto wa mtaa kanuni zao kabla ya kuchora chochote. Watakubishia, nao ndio wenye mchezo.

Usalama

Betri za vidonge ni hatari kubwa kuliko mota. Moja ikimezwa inaweza kuunguza umio ndani ya saa 2, hivyo kifuniko chake kifungwe kwa skrubu, na mtoto anayeshukiwa kumeza akimbizwe hospitali bila kungoja dalili. Kipande kinachopita kwenye bomba la karatasi ya chooni kisiwepo kwa mtoto anayetia vitu mdomoni, hata kama umri wake umesogea. Taa zisiwake na kuzima zaidi ya mara 3 kwa sekunde, kwa ajili ya wenye kifafa. Mota isimame ukiizuia kwa kidole.

Na kuna masikio ya kichezeo. Februari 2017 mamlaka ya mawasiliano ya Ujerumani ilimpiga marufuku mdoli aitwaye My Friend Cayla, kwa kuwa alikuwa na maikrofoni na simu iliyo karibu ingeweza kujiunga naye bila nenosiri. Kigari cha swichi hakihitaji intaneti. Ukiletewa roboti yenye kamera au maikrofoni, muulize muuzaji sauti ya mtoto inahifadhiwa wapi na nani anaisikiliza. Akikosa jibu, usinunue.