Picha na Sauti Katika Kulinda Mto: Somo Kutoka Karambi



Ndugu zangu katika imani, Imam Bukhari amepokea kutoka kwa Ibn Mas'ud kwamba Mtume (S.A.W.) alichora mraba, akapitisha katikati yake mstari uliotokeza nje, kisha akachora vistari vidogo pembeni. Akawaeleza Masahaba kuwa mraba ni mauti yanayomzunguka mtu, mstari unaotokeza ni matumaini yake, na vistari ni misukosuko ya dunia. Kauli yake ingetosha, lakini aliwaonyesha pia kwa macho.

Likizo iliyopita tulikwenda Karambi kuwahimiza watu wasilime hadi ukingoni mwa Mto Lhubiriha. Sababu ilikuwepo: Mei 2020 mito ya Kasese, Lhubiriha ukiwemo, ilifurika, na Nyamwamba ukaiharibu Hospitali ya Kilembe. Bango letu lilikuwa na maandishi ya Kiingereza na picha ya mafuriko tuliyoitoa kwenye intaneti. Baada ya swala ya Ijumaa mzee mmoja akalitazama, akauliza: "Wanangu, mto huu ni wa wapi?" Hatukuwa na jibu.

Swali lile lilitufundisha mambo matatu kuhusu medianuwai, yaani picha, sauti, video na maandishi yanapofanya kazi pamoja.

Kwanza, picha iwe ya kweli na ya hapa. Sura ya Al-Hujurat, aya ya 6, inatuamuru kuihakiki habari. Picha nayo ni habari. Mwaka 1906 Vittorio Sella alipiga picha barafu ya Rwenzori. Ukiziweka picha zake kando ya za leo, hata asiyejua kusoma ataona barafu ilivyopungua. Nasi tulipiga picha ukingo uliomomonyoka ambao kila mwanakijiji anaujua.

Pili, sauti iwe ya lugha ya watu. Sura ya Ibrahim, aya ya 4, inatukumbusha kuwa kila Mtume alitumwa kwa lugha ya kaumu yake. Tulimwomba mzee yuleyule asimulie kwa Lhukonzo mto ulikuwa ukipita wapi alipokuwa kijana. Tulirekodi dakika moja tu, ili isile bando na iweze kurushwa kutoka simu hadi simu.

Tatu, kila chombo kiwe na kazi yake. Video ionyeshe tatizo, sauti iguse moyo, bango litaje tendo moja. Letu jipya lilisema: acha mita zisizopungua 30 kutoka mtoni, panda mianzi au matete. Kipimo hicho kimo katika kanuni za Uganda za mwaka 2000 za kulinda kingo za mito.

Sidai kwamba wote walibadilika. Mwenye shamba dogo hawezi kuziacha mita 30 kwa sababu ya bango zuri. Anahitaji pia miche, na jirani wa kumsaidia. Lakini safari hii watu walisimama, wakabishana kuhusu mto wao, na baadhi wakauliza miche inapatikana wapi.

Mtume (S.A.W.) alituusia kuwa hata Kiyama kikisimama na mmoja wetu ana mche mkononi, akiweza aupande. Basi tukirudi vijijini na simu zetu, tubebe na miche.

Allah atujaalie tuwe waangalizi wema wa ardhi yake. Amin.