Kushinda Mapema Katika Sataranji ya Masafa: Vidokezo 9

Sataranji ya masafa haina pupa. Zamani hatua ilisafiri kwenye kadi ya posta, leo inapita kwenye intaneti, lakini utaratibu ni uleule: unafikiri siku kadhaa, unatuma hatua moja, unasubiri jibu. Mechi ya London na Edinburgh ilianza mwaka 1824 na kumalizika 1828. Ndiyo maana wageni wa mchezo huu hushangaa wakiambiwa kwamba hata huku, ambako kila mtu ana muda wa kuukagua ubao mara kumi, yapo mapambano yanayokwisha kabla ya hatua ya 15 mmoja akisalimu amri. Mimi hayo ndiyo ninayoyapenda kuliko yote. Aliyeshindwa hawezi kuilaumu saa. Siku alikuwa nazo, na bado kuna kitu hakukiona. Hivi hapa vidokezo vya kuwa upande wa pili.

1. Jua kitabu kinaishia wapi.

Katika sataranji ya masafa unaruhusiwa kufungua vitabu na kumbukumbu za michezo iliyopita. Tovuti za Lichess na Chess.com huruhusu hilo kwenye michezo ya siku kadhaa kwa hatua, ingawa zote mbili zinakataza kutumia kompyuta ikufikirie. Ruhusa hiyo ndiyo inayowazamisha wengi. Mtu anatafuta hatua iliyochezwa mara nyingi zaidi, anaifuata, anaitafuta nyingine, anaifuata pia, na hatua kumi zinapita bila yeye kufikiri hata mara moja. Kumbe katika ule mchezo anaounakili mwenye nyeusi alishinda kwa sababu moja tu: mwenye nyeupe hakuliona jibu. Alikuwa mashindanoni, saa inamkimbiza. Mpinzani wako yuko nyumbani, ana siku tano na kikombe cha chai, na jibu ataliona.

Basi usihesabu tu hatua imechezwa mara ngapi. Fungua mchezo wenyewe, uende hadi mwisho, utazame nani alishinda na ni wapi mambo yalipogeuka. Hatua iliyochezwa mara tatu na wachezaji wa masafa naiamini kuliko iliyochezwa mara mia tatu na watu wenye dakika tano mkononi. Na ukifika mahali ambapo kumbukumbu zimekwisha, simama. Siku zako nyingi zitumie hapo hapo, kwenye hatua ya kwanza iliyo yako. Kwa maoni yangu, ushindi wa mapema hupatikana zaidi hapo kuliko mahali pengine popote.

2. Chagua ufunguzi unaofungua ubao.

Mchezo huu umezaa funguzi zake wenyewe. Ufunguzi wa Kiskoti ulipata jina kutokana na ile mechi ya Edinburgh, na Ulinzi wa Kifaransa kutokana na mechi ambayo Paris iliishinda London kati ya 1834 na 1836. Ukitaka mambo yaamuliwe mapema, fuata roho ya Edinburgh: kitunda d4 katika hatua ya tatu, katikati panafunguka, maaskofu wanapata njia. Gambiti, yaani kutoa kitunda kwa makusudi, nazo ni nzuri, mradi umeuliza kwanza kanuni za mashindano. ICCF, shirikisho la kimataifa la mchezo huu lililoanzishwa mwaka 1951, linaruhusu kompyuta, na katika fainali zake za juu siku hizi karibu kila pambano huwa sare. Kutoa kitunda bure mbele ya mpinzani mwenye kompyuta ni kukipoteza.

3. Hatua ya ajabu iulizwe maswali.

Tandika ubao tuone. Nyeupe anacheza e4, nyeusi c6. Kisha d4 na d5. Farasi wa nyeupe anatoka hadi c3, kitunda cha nyeusi kinakula e4, farasi anakila kitunda hicho. Nyeusi anamleta farasi wake d7. Sasa nyeupe anamsogeza malkia hadi e2, hatua inayoonekana ya ovyo kabisa, maana amemzibia njia askofu wake mwenyewe. Nyeusi anajibu kama mtu yeyote angejibu: farasi wa pili f6. Farasi wa nyeupe anaruka hadi d6, na mchezo umekwisha. Mfalme wa nyeusi amezingirwa na kete zake mwenyewe. Kitunda cha e7 ndicho kingemla farasi yule, lakini hakiwezi kuondoka, kwa sababu kikiondoka tu malkia wa e2 anamwona mfalme moja kwa moja.

Hatua sita! Paul Keres wa Estonia alimaliza pambano hivyo mwaka 1950, ana kwa ana, tena dhidi ya mchezaji wa mashindano. Keres alikulia kwenye sataranji ya posta. Kijana wa mji mdogo asiye na wapinzani wa kutosha jirani, inasemwa aliwahi kuwa na michezo kama 150 ya barua kwa wakati mmoja, na humo alijaribu kila aina ya ufunguzi mkali. Mpinzani akikuletea hatua isiyo na sura, usifurahi. Uliza imefungua nini, na imefunga nini.

4. Usiandike kamwe neno "yoyote".

Ili kuokoa muda, wachezaji hutuma hatua za masharti: ukicheza hivi, nitajibu vile. Lichess na Chess.com nazo zina nafasi ya kuziweka. Ni jambo zuri, ila lina shimo ambalo wapenzi wa mchezo wamelisimulia miaka mingi. Nyeupe anaandika d4. Nyeusi, ambaye daima hupenda kumweka askofu wake g7, anajibu g6 na kuongeza kwamba kwa hatua yoyote ya pili, yeye atacheza askofu g7. Nyeupe anatulia, anatabasamu, anamtuma askofu wake hadi h6. Nyeusi amefungwa na maneno yake, lazima aende g7. Askofu wa nyeupe anamla askofu huyo, na ngome ya h8 iliyo nyuma yake haina pa kukimbilia. Hatua tatu, na nyeusi hana tena mchezo wa kuucheza.

Masharti yako yawe ya hatua iliyotajwa kwa jina, tena ile unayolazimika kuijibu kwa namna moja tu, kwa mfano kuila kete iliyokula ya kwako. Ukiona mpinzani ameweka masharti mapana, kaa chini. Ipo hatua hapo inayongojea kuonwa.

5. Soma namba zako kwa sauti.

Kadi za kimataifa ziliandikwa kwa tarakimu ili Mrusi na Mreno waelewane bila herufi za lugha yoyote. Mistari ya a hadi h inakuwa 1 hadi 8, na kila hatua ni tarakimu nne: unakotoka na unakokwenda. Kitunda cha e2 kwenda e4 ni 5254. Farasi wa g1 kwenda f3 ni 7163. Ukiteleza ukaandika 7183, farasi yuko h3 na hakuna wa kukusikiliza. Malkia aliyepaswa kwenda d3, 4143, akiandikwa 4144 yuko d4, labda mdomoni mwa farasi. Hatua halali ikishatumwa, imetumwa. Kwenye simu ni vilevile, kidole kinateleza. Washa ile sehemu inayokuuliza uthibitishe kabla ya kutuma.

6. Kabla ya kula, tafuta njia ya kutokea.

Katika Ufunguzi wa Kihispania, askofu wa nyeupe anakwenda b5, anafukuzwa na a6, anarudi a4. Nyeusi anacheza d6, nyeupe d4. Kitunda b5 kinamsukuma askofu hadi b3, kisha farasi wawili wanaliana pale d4 na kitunda cha nyeusi kinabaki hapo, kimekaa wazi. Malkia wa nyeupe anakila. Nani asingekila? Nyeusi anacheza c5, malkia anakwenda d5 akiitishia f7. Askofu wa nyeusi anaziba kutoka e6. Malkia anamtishia mfalme kutoka c6, askofu anaziba d7, malkia anarudi d5, na hapo kitunda c4. Askofu wa b3 amefungiwa kati ya vitunda, na atakufa. Mtego huu unaitwa Safina ya Nuhu, na katika mchezo wa masafa hauna udhuru: ukisogeza kete kwenye ubao wa mezani kwa dakika kumi tu, unauona wote.

7. Punguza michezo, ongeza daftari.

Wiki tatu baadaye hutakumbuka kwa nini uliipeleka ngome d1. Andika sentensi mbili kwa kila hatua: ninapanga nini, naogopa nini. Na kama huna kipaji cha Keres, michezo sita inatosha. Mwenye michezo arobaini huanza kujibu asubuhi akiwa kwenye daladala.

8. Kafara ihesabiwe hadi mwisho.

Mashindanoni unaweza kutoa farasi kwa ujasiri na kumtia mpinzani kiwewe. Hapa hatishiki. Atalala, ataamka, ataipata njia ya kujiokoa kama ipo. Hesabu majibu yote, hata yale mabaya, na hasa lile la kukataa kuila kete uliyomtolea.

9. Usingoje muda umwishie mpinzani.

ICCF imezoea kutoa siku 50 kwa kila hatua 10, na enzi za kadi zilikuwa 30, siku za njiani zisihesabiwe. Watu hupotea: ugonjwa, msiba, kazi mpya. Pointi ya mpinzani aliyetoweka ichukue, ni haki yako, lakini usiiweke kwenye orodha ya ushindi wako wa haraka. Na wewe ukiona umepoteza malkia bure katika hatua ya 12, salimu amri siku hiyohiyo na umwandikie mwenzako kwamba amecheza vizuri. Wengi wao hujibu kwa kukueleza walichokiona siku ile ulipokosea, na maelezo hayo huyapati kwenye kitabu chochote.