Ukiingia Makumbusho ya Lamu: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Vaa nguo ya heshima. Lamu ni mji wa Waislamu. Mabega na magoti yafunikwe, ya mume na ya mke. Kisha msalimie mlinzi wa mlangoni kabla hujauliza bei ya tiketi.

Usiguse chochote. Siwa ya pembe ya Pate na siwa ya shaba ya Lamu zilipulizwa kwenye shughuli za wakubwa wa miji hii. Jasho la vidole vyako linakula shaba, na vidole vyako si vya pekee siku hiyo.

Kwenye mifano ya vyombo vya baharini, simama. Hapa ndipo wageni wengi wanapopita mbio, nami inaniuma. Mtepe ulishonwa kwa kamba za usumba, mbao kwa mbao, bila msumari hata mmoja, na tanga lake lilikuwa mkeka. Chombo cha kushona hunyumbuka kikigusa fungu, cha msumari huweza kupasuka. Tazama mishono, hesabu matundu, uliza kamba ilisokotwaje. Ukitoka, nenda Matondoni ukawaone mafundi wanaounda majahazi hadi leo, na usimshike fundi maneno akiwa na tezo mkononi.

Usiwazungumzie wavuvi wa Lamu kana kwamba ni watu waliokwisha. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Kenya iliagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa hasara iliyoletwa na ujenzi wa bandari mpya. Dema, wavu na mshipi ni riziki ya watu wanaoshuka pwani alfajiri ya leo.

Picha: omba ruhusa ndani, omba ruhusa nje. Mvuvi anayepakua samaki hayuko kwenye maonyesho, na mwanamke aliyevaa buibui akikataa, amekataa. Usimpe mtoto pesa ili umpige picha.

Kamba ikizuia chumba au ngazi, usiivuke. Nyumba za kale za Lamu ni za mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, na unyevu wa bahari huzila kimyakimya. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba la Beit al-Ajaib, Unguja, iliporomoka ikaua watu, na jumba hilo nalo lilikuwa makumbusho.

Usiokote kigae magofuni Takwa, hata kiwe kidogo namna gani. Usinunue mlango wa kale wala kipande chake. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inakataza kutoa vitu vya kale nchini bila kibali, na kila mlango unaong'olewa huacha nyumba ya mtu wazi. Muuzaji akikunong'oneza kwamba anacho cha zamani kweli, ondoka, kisha umwarifu afisa wa makumbusho siku hiyo hiyo.